Kofia Juu ya Simu

Baba alikuwa mwanafunzi wangu kwa likizo moja tu, na sijapata kuona mwanafunzi aliyeshika somo kama yeye. Laiti angekuwa mtoro.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Katandala kutoka Dar es Salaam, wakati ule wa mwaka ambao upepo wa Ufipa unapita chini ya mlango na watu wanavaa makoti hata jikoni. Baba alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi na kugeuka mkulima kamili, akishinda shambani kwetu Kasense na kurudi jioni na udongo kwenye suruali. Kitu kipya maishani mwake kilikuwa simu ya kioo. Alipiga picha kila kitu: mahindi yakiota, mahindi yakibeba, mbuzi wa jirani aliyekula mahindi. Sasa simu ilikuwa imejaa, ikakataa picha nyingine, naye akaniita nimshauri nini kifutwe.

Nikamwambia asifute kitu. Tutaviweka kwenye wingu.

"Wingu gani?" akauliza, na Mama, aliyekuwa amekaa mlangoni akipepeta ulezi, akacheka kabla sijajibu.

Nikamwambia asihangaike na jina. Ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa kwenye majumba makubwa mbali na hapa, majumba yanayopozwa mchana kutwa yasipate joto, yenye umeme wa akiba na walinzi getini. Unapakia picha yako, inasafiri kwa mtandao, inakwenda kukaa kwenye kompyuta hizo. Siku ukiitaka unaipakua, kwa simu hii au nyingine yoyote, ukiwa hapa au Mpanda au popote penye mtandao. Simu ikiibwa, ikivunjika, ikitumbukia chooni, picha ipo, kwa sababu haikukaa ndani ya simu peke yake.

Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza watoto wa darasa la tatu wakisoma kwa sauti. Kisha akasema kwamba hilo ni ghala. Umempa mtu magunia yako akutunzie. Panya je?

Nikamwambia wanaweka nakala zaidi ya moja. Kompyuta moja ikiungua, nyingine inayo.

Mwenye ghala akifunga biashara?

Nikasema wakubwa wale hutangaza mapema ili watu wahamishe vitu vyao.

"Haya. Na watajuaje kwamba magunia ni yangu na si ya huyu?" Akamnyooshea kidole dada yake, shangazi yangu, anayeishi nyumba ya pili na ambaye hakuna jambo la kwetu lisilomhusu.

Basi tukafika kwenye nenosiri, na hapo ndipo nilipofundisha kwa bidii ambayo leo naijutia. Nilimwambia hilo ndilo ufunguo, na ghala lile halina ufunguo wa pili. Asitumie jina la Mama, wala majina yetu watoto, wala mwaka wake wa kuzaliwa, maana wezi huanzia hapo. Achanganye herufi kubwa na ndogo, atie na tarakimu. Asiliandike popote. Asimwambie mtu.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, Baba. Na mtu akiwa anaandika la kwake, wewe geuka pembeni, usimtazame."

Akavua kofia yake ya pama, akaifunika simu, akaingiza mikono yote miwili chini ya kofia na kuanza kubonyeza, akichungulia kwenye upenyo mdogo kama mtu anayetazama kuku anayeatamia. Mimi nikageukia ukuta. Mama akasema mwalimu mzima leo anafanya mtihani kwa kujificha. Shangazi akaenda mbali zaidi.

"Kaka, umeweka nyumba ndogo humo ndani?"

"Nimeweka mbili," Baba akajibu bila kuinua kichwa, "na zote zinapika kukuzidi wewe."

Mwishoni simu ilitaka namba ya mtu wa kuaminika, ili mwenye akaunti akisahau nenosiri, namba hiyo itumiwe tarakimu za kumfungulia. Baba alitaja ya Mama bila kufikiri. Mama akalalamika kwamba simu yake inakaa kwenye kapu la vitunguu na hata ikilia haisikii. Nikaiandika mimi, kwa mkono wangu.

Toka siku ile Baba akawa muumini. Kule Kasense mtandao ni dhaifu, hivyo alikuwa akipanda juu ya kichuguu na kuinua simu mpaka mstari mdogo wa kupakia ufike mwisho, kisha ananipigia Dar es Salaam kutoa taarifa. "Mwalimu, nimepakia maharage." Nilikuwa nikiwasimulia wenzangu, waandishi tunaokutana kusomeana kazi zetu, nao walicheka kwa upendo. Mmoja aliniambia niiweke kwenye hadithi. Sikuiweka. Nilidhani ipo tu, itanisubiri.

Msimu uliofuata Mama aliugua. Mwezi wake wa mwisho, akiwa kitandani, Baba alimrekodi kwa simu ile. Haukuwa wosia wala wimbo. Ninachokijua nimekipata kwa shangazi, aliyewahi kusikiliza pamoja na Baba. Mama anazungumza Kifipa, taratibu, anampa Baba maelekezo ya nyumba: kuku yupi anaficha mayai, maharage yasitiwe chumvi kabla hayajalainika, sweta la kijivu lisifuliwe pamoja na nguo nyingine, mbegu ya ulezi apewe nani. Katikati anamgombeza kwa nini amenyamaza kama mtu aliyekaribishwa kwa watu wasiomfahamu. Halafu anacheka, anakohoa, anaendelea na maelekezo.

Baada ya msiba nilikaa nyumbani kidogo, na jioni nikiwa chumbani nilisikia mwanzo wa rekodi ile kupitia ukutani. Baba alikuwa ameiegemeza simu kwenye bakuli la mboga, anakula, anamsikiliza mkewe. Nilisikia Mama anakohoa kusafisha koo, nikajifunika shuka masikioni. Sikuwa tayari.

Aliniuliza kwa simu, nikiwa nimesharudi Dar es Salaam, kama anitumie. Ilikuwa ndefu, akasema, ingemaliza bando, lakini angenunua jingine. Nikamwambia aache. Iko kwenye wingu, haiendi popote, nitaisikiliza nikija tukiwa wawili. Hayo yalikuwa kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa namalizia riwaya yangu ya kwanza, na niliogopa sauti ya Mama ingewanyamazisha watu wangu wa kubuni. Nimewalinda. Wamo kitabuni, wanazungumza. Nikiwasoma sasa nawasikia wote wakizungumza kama mimi.

Laini ya Mama ikakaa kimya kwenye kapu la vitunguu mpaka ikafungwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba namba ile ilikuwa na kazi moja imebaki.

Mwaka huu Baba alianguka akitoka shambani. Kiharusi kilimkuta njiani, akaangukia mtaroni, upande wenye maji, na simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita ndiye aliyemtoa na kumfikisha hospitali. Nilipofika alikuwa amesharudishwa nyumbani, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi kama kitu alichoazima. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Baba."

"Haya," akasema.

Lilikuwa ndilo neno alilobaki nalo. Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimuuliza wapi panauma, haya, na machozi. Daktari alikuwa amemweleza shangazi kwamba mtu wa hivyo anaweza kuelewa mengi huku maneno yakikataa kutoka, na kwamba vitu alivyovizoea tangu utotoni vinaweza kutoka vyenyewe. Ndivyo ilivyokuwa. Shangazi akianzisha rozari, Baba anaitikia Salamu Maria yote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile ya darasani, mpaka unasahau. Rozari ikiisha, anarudi kwenye haya.

Jioni, chakula kikiletwa, alikuwa akipapasa shati mahali pa mfuko kwa mkono wa kushoto, kisha anaupeleka sikioni, kisha anatutazama.

"Anamtaka wifi yangu," shangazi akasema.

Nikaipeleka simu kwa fundi wa simu, mtaa wa Majengo. Akaifungua, akaitazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Dada, hii imekufa, maji yameila. Ila kama mzee alikuwa anapakia kwenye wingu, una wasiwasi wa nini? Weka akaunti yake kwenye simu yako, vitu vyote vinashuka."

Nusura nicheze ngoma pale barabarani. Nilirudi Katandala kwa bodaboda nikiwa nimeishika simu yangu kifuani, nikimwambia Mama moyoni kwamba leo leo atazungumza.

Nikakaa kando ya kitanda, nikaandika anwani ya barua pepe ya Baba, ambayo naijua kwa sababu niliifungua mimi. Ukurasa ukataka nenosiri. Nikabonyeza pale panaposema umesahau, nao ukasema utatuma tarakimu kwenye namba inayoishia na tarakimu mbili hizi. Nilizitazama tarakimu zile mbili mpaka kioo kikazima chenyewe. Ilikuwa namba ya Mama.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu mjini. Binti wa pale alikuwa mpole. Akaniambia laini hiyo ilishafungwa, na hata isingefungwa, kuirudisha kunataka alama ya kidole ya mwenye laini.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kasense," nikasema. Nikaona anasubiri nieleze. "Makaburini."

Akanipa pole na kunisindikiza mpaka mlangoni.

Niliwaandikia pia wenye ghala. Nilieleza yote, kwa lugha nzuri kuliko niliyowahi kuiandika kwenye riwaya. Jibu lilirudi papo hapo, limeandikwa na mashine: hawawezi kuthibitisha kwamba mimi ndiye mwenye akaunti. Sikuwakasirikia. Mimi si mwenye akaunti. Kwa macho yao mimi ni yule mwizi niliyemwonya Baba juu yake, anayekuja na hadithi ya kusikitisha na jina la Mama mkononi. Mlango unafanya kazi sawasawa na nilivyofundisha. Sauti ya Mama ipo, nzima, imenakiliwa pengine mara kadhaa, mahali penye baridi na umeme wa akiba, na hakuna panya anayeigusa.

Ilibaki njia moja. Jioni ile nilimpa Baba simu yangu mkononi, mkono wa kushoto, ukurasa ukiwa wazi pale pa kuandika. Alielewa mara moja, niliona usoni. Lakini hakuandika. Alinitazama. Nikamwambia, "Andika, Baba, tumsikie Mama." Akaendelea kunitazama, kwa subira, kama mwalimu anayengoja darasa litulie, mpaka nikafahamu anangoja nini. Nikageukia ukuta.

Nyuma yangu nikasikia kidole chake kikigonga kioo. Kinagonga, kinatulia sana, kinagonga. Alipomaliza akasema haya. Nikageuka. Ukurasa ulikuwa umeandika kwamba nenosiri si sahihi. Tukajaribu tena, na tena, mpaka ukatuambia tumekosea mno, turudi baadaye.

Tangu hapo hivyo ndivyo zilivyo jioni zetu. Sijui kama neno limo kichwani kamili na kidole ndicho kinachokosea, au limeondoka pamoja na mengine. Najua kwamba akaunti isiyoingiwa kwa muda mrefu hufutwa pamoja na kila kilichomo. Nimesoma masharti yao, sehemu ile ambayo siku ya kumfundisha Baba tuliipita kwa kubonyeza tu nimekubali.

Juzi shangazi alishindwa kuvumilia. Alikuwa mlangoni ameshika bakuli la uji, mimi nimetazama ukuta, Baba anagonga.

"Hivi wewe, si ugeuke uone anaandika nini? Labda ni herufi moja tu imemponyoka, ungemrekebishia. Ni baba yako, si mtu baki."

Nilikuwa nimeshawaza hivyo tangu siku ya kwanza. Kugonga kulikuwa kunaendelea. Nikageuza shingo, polepole, bila kusogeza kiti.

Kugonga kukakoma. Simu ilikuwa imelala juu ya blanketi, na juu ya simu kulikuwa na ile kofia ya pama, ambayo shangazi alikuwa ameitundika kwenye nguzo ya kitanda ili Baba aione akiamka. Mkono mzima wa Baba ulikuwa juu ya kofia, umeibana. Kwa hiyo asingeweza kuandika tena mpaka autoe. Hakukasirika. Alinitazama tu, akingoja, kama anayemkumbusha mtoto jambo ambalo mtoto mwenyewe analijua vizuri.

"Baba, ni mimi," nikasema.

"Haya," akasema, na mkono haukutoka.

Nikageukia ukuta.