Kidole cha Tatu

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, kuliko hata asubuhi ya harusi yangu. Niliamka, nikataka kupiga miayo, na mdomo ukakataa. Nilidhani bado nimelala. Nikajaribu tena. Taya halikusogea. Meno ya juu yalikuwa yameyakalia ya chini kama mlango uliopigwa komeo kwa nje, na shavu la kulia lilikuwa limevimba hata jicho likaanza kufumba.

Nilitoka uani nimeshika uso. Bibi yangu, tuliyemwita Koko kama wanavyoitwa mabibi wote wa kwetu huku mlimani, juu ya Ngaramtoni, alikuwa anakoroga uji. Aliponiona aliuachia mwiko ukazama ndani ya sufuria. Sikuwahi kumwona Koko akiachia mwiko.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Naftali, nimesema fungua."

"Haufunguki, Koko," nikamjibu kwa meno yaliyobanana.

Alichota uji mwepesi kwa kijiko, akaupoza kwa pumzi yake, akaniegemezea kijiko midomoni. Uji ukanitiririka kidevuni. Akajaribu pembeni, akajaribu mbele, ukarudi wote. Ulimi wake ukagusa pengo la meno yake ya chini, na hapo ndipo mimi nikashtuka kwelikweli, maana nilikumbuka pengo lile ni la kazi gani.

Wewe wa siku hizi huenda hujui. Wazee wetu walipokuwa watoto waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini. Si kwa urembo peke yake. Kulikuwa na pepopunda, ugonjwa unaofunga mataya mtu akafa kwa njaa na kiu huku chakula kipo, na lile pengo lilikuwa dirisha la kupitishia uji na maziwa. Baba yangu alipobatizwa, na sindano za pepopunda zikawa zinapatikana, aliamua sisi watoto wake tusiguswe. Nilijivunia sana meno yangu kamili. Asubuhi ile meno yangu kamili yalikuwa ukuta, na uji ulikuwa nje ya ukuta.

Nilifikaje hapo? Nitakueleza bila kuficha, kwani mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, fundi seremala, na mwimba besi katika kwaya ya usharika wetu. Gego la chini lilikuwa likiniuma kila nikinywa maji ya baridi. Lilikuwa limekuwa jeusi, lakini sisi tuliokulia maji ya mlima huu meno yetu ni ya kahawia tangu utoto, kwa hiyo nikasema ni maji tu. Lilipozidi nikaenda mjini kwa daktari wa meno. Alikuwa dada mmoja mpole, mdogo kuliko nilivyotegemea. Akapiga picha ya eksirei, akaniambia, "Kaka, jino limeoza mpaka kwenye mshipa. Naweza kuling'oa, au naweza kutibu mzizi. Nikitibu mzizi, nitasafisha ndani yote, nitaweka dawa, nitaziba, na jino litabaki kazini. Ushauri wangu ni tulitibu. Fikiri, halafu uje tarehe hii."

Nikaenda kufikiri mahali pabaya pa kufikiria, yaani mazoezi ya kwaya.

"Kutibu mzizi?" akasema Lomayani, aliyekuwa akisimama karibu nami kwenye besi. "Wewe! Wanatoboa mpaka kisogoni. Ukitoka pale hata jina lako hulikumbuki."

"Basi afadhali," akadakia mmoja wa sauti ya tenori. "Atasahau na besi yake, masikio yetu yapumzike."

Nilicheka pamoja nao, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najipapasa kisogo. Tarehe ilipofika sikwenda. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Nimemwachia Bwana." Nikafunga siku tatu. Nisikilize vizuri hapa, mwanangu. Sidharau kufunga, nafunga mpaka leo, na nimeona mengi. Ila kufunga kule kulikuwa kama mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake akimwona nesi na sindano. Mama huyo kwangu alikuwa Mungu, na nesi alikuwa yule daktari.

Siku ya tatu maumivu yakakoma. Ghafla, kama mvua iliyokatwa. Nikapiga kwa ulimi lile gego, likanyamaza. Nikanywa maji ya baridi, likanyamaza. Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Bwana ameniponya jino bila mkono wa mwanadamu. Vigelegele vilipanda hadi bati likalia. Kwenye benchi la akina mama niliona Koko amekaa kimya, mikono mapajani. Nikadhani hakusikia, masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Yakapita majuma kadhaa. Ndipo ikaja ile asubuhi.

Jirani mmoja alitupeleka kwenye gari lake la kubebea viazi. Daktari alikuwa yule yule. Alinichoma ganzi, akapasua kando ya fizi, na harufu ya usaha uliotoka ilinitia aibu mbele ya bibi yangu. Aliponiandikia dawa akauliza, "Liliacha kuuma lini?"

Nikamweleza, tena kwa fahari kidogo, kwamba lilipona lenyewe baada ya maombi.

Akaweka kalamu chini. "Halikupona, kaka. Mshipa wake ulikufa. Kilichokufa hakiumi. Ila vijidudu havikufa, vilikuwa vinakula mfupa huku umenyamaza."

Akanionyesha picha mpya, na chini ya mzizi palikuwa na kivuli cheusi kama punje ya haragwe. Mimi ni seremala. Nimebonyeza kwa kidole miguu ya meza iliyopakwa rangi vizuri, kidole kikazama, ndani mchwa watupu. Sikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Nilichowaza ni kile kilichokuwa kimelia kanisani: vigelegele. Watu wazima walimpigia Mungu vigelegele kwa ajili ya jino lililokuwa linaoza.

"Taya litafunguka polepole," daktari akasema. Akapanga vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine. "Vikiingia vitatu kati ya meno ya mbele, urudi. Siku hiyo utaniambia: ning'oe au nitibu mzizi. Usichelewe. Dawa inatuliza tu, chanzo bado kimo."

Tangu siku hiyo salamu ya Koko ikawa moja. Nikimwamkia, "Shikamoo Koko," ananijibu, "Vidole vingapi?" Siku za kwanza nilikunywa maziwa kwa mrija. Kisha ikaingia ncha ya kidole. Kikaingia kimoja. Vikaingia viwili. Na mimi, badala ya kufurahi, nilikiona kile cha tatu kinakuja kama mgeni aliyetuma habari kwamba atalala kwako. Asubuhi kilipoingia nilikitoa upesi nikakifuta kwenye suruali.

"Vingapi?"

"Viwili."

Kesho yake pia viwili. Siku ya nne bado viwili.

Siku ya tano nilikuwa karakanani napiga randa, Koko akaingia ameshika gunzi la hindi la kuchoma. Lilikuwa limegugunwa safi, mistari yote.

"Hili ni la nani?"

"Watoto hao, Koko."

"Watoto wako shule." Akaligeuza gunzi kwenye mwanga. "Mtu wa vidole viwili anauma hindi namna hii? Mimi mwenye pengo sijauma hindi tangu ning'olewe kwa kisu, kwa hiyo wanaouma huwa nawatazama sana. Lete mkono."

Akanishika vidole vyangu vitatu, akavipanga, akaniingizia mwenyewe mdomoni. Vikaingia bila kugusa. Nikabaki hivyo, randa mkono mmoja, vidole mdomoni kama mtoto mchanga, na binti niliyekuwa nimemchumbia alikuwa anapita nje ya karakana. Alitazama, akainamisha kichwa, akaongeza mwendo.

Koko akaketi juu ya mbao. "Haya. Sasa ukweli."

"Naogopa, Koko."

"Ndiyo. Leo umesema neno." Akaweka gunzi chini. "Watu husema sisi wa zamani hatukulia tulipong'olewa. Uongo. Baba yangu alinibana kichwa katikati ya magoti yake, na mwenye kisu akachimbua. Ganzi hatukuijua. Nililia mpaka sauti ikaisha. Na mama yangu, alikuwa ameniombea tangu alfajiri. Alipomaliza kuomba, alisimama, akaenda kwa miguu yake kumwita yule wa kisu. Hakuona kwamba amemkosea Mungu."

Nikajifanya kukung'uta vumbi la mbao kwenye randa.

"Woga hauna dhambi, Naftali. Ila wewe umeuvika woga wako joho, ukausimamisha mbele ya kanisa, watu wakaushangilia. Mimi sikushangilia."

Kumbe alisikia kila neno. Nilitamani sakafu ya karakana ipasuke.

"Basi liondoke tu," nikasema. "Ling'olewe, yaishe."

Akacheka, pengo likaonekana lote. "Unakimbilia koleo kwa sababu ni la dakika chache. Pengo langu ni uhai, silichukii. Lakini mahindi ya shamba langu mwenyewe nayala kwa kupukuchuliwa. Sisi tuling'oa kwa kuwa njia nyingine haikuwapo. Kama daktari angesema halitibiki, ningekushika kichwa mwenyewe. Amesema linatibika. Sasa unataka kuwa na pengo la nini?"

Tulikwenda wote wawili. Aliambiwa asubiri nje, akasema masikio yake hayasikii vizuri, akaingia. Akaomba kuonyeshwa sindano. Akaonyeshwa na vile vijisindano vyembamba vya kusafishia mzizi, akavishika karibu na jicho, akaguna, "Na kisogoni vinafikaje hivi?" Daktari alicheka hadi akaweka kila kitu chini.

Kisha akaniambia neno moja ambalo ningependa ulichukue kama lilivyo. "Ukisikia chochote, inua mkono wa kushoto. Nitaacha hapo hapo."

Ganzi ilichoma kama kuumwa na siafu, nikahesabu mpaka saba, ikaisha. Mdomo ukawa mzito kama si wangu. Akanifunika jino kwa kipande cha mpira mwembamba, mashine ikaanza kulia, na mimi nikakaza vidole vya miguu ndani ya viatu nikisubiri. Nikasubiri. Nikaendelea kusubiri. Mwanangu, nilishtuka kuliko siku taya lilipofunga. Maumivu niliyoyakimbia kwa miezi hayakuwapo! Nilisikia mtetemo, nilisikia maji, nilichoka shingo. Basi.

Nikainua mkono wa kushoto. Mashine ikanyamaza mara moja.

"Umeumia?"

Nikatikisa kichwa.

"Ila?"

Kwa ulimi wenye ganzi nikamwambia, "Nilitaka kuona kama utaacha."

Sauti ya Koko ikatoka kwenye kona, "Mpige kofi, daktari, uendelee."

Nilirudi mara mbili zaidi, likasafishwa, likazibwa, mwishoni likavikwa kofia ngumu. Usiku wa kwanza ganzi ilipoisha lilinong'ona kidogo, nikameza kidonge. Sitakudanganya kwamba ni raha. Nakuambia nilichokiona.

Kulikuwa kumebaki jambo moja, na hilo halikuwa na ganzi. Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pale pale. Nikasema, "Ushuhuda wangu wa jino haukuwa wa kweli. Niliogopa daktari, nikamsingizia Mungu. Jino lilikuwa linaoza. Mungu aliniponya kweli, ila alitumia mikono, na mikono ile niliikimbia." Nilisikia bati likitanuka kwa jua. Halafu kutoka benchi la akina mama kikapanda kigelegele kimoja, chembamba, kinachopita kwenye pengo.

Baada ya ibada Lomayani akanifuata hadi nyuma ya kanisa. Uso ulikuwa umemshuka.

"Yale ya kisogoni," akasema. "Mimi sijawahi hata kukalia kile kiti cha daktari."

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua. Nina jino linaloniuma tangu mwaka juzi." Akafungua mdomo akanionyesha. "Unaweza kunisindikiza?"

Nilimsindikiza. Nilikaa kwenye kona ile ile aliyokaa Koko.

Koko alishalala katika Bwana, na gego lile bado nalitafunia mahindi. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa mzizi wa jino lako unahitaji kutibiwa, na umeahirisha mara ya pili kwa sababu limeacha kuuma, pokea haya kwa mzee. Kunyamaza kwa jino usikuite kupona mpaka aliyesomea akutazame. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Habari za kiti waulize waliokikalia, usiwaulize wanaochekesha kwaya. Muulize daktari mbele ya uso wake: linatibika? Nikiling'oa itakuwaje? Nikiinua mkono, utaacha? Akisema halitibiki, ling'olewe kwa amani, hakuna aibu. Akisema linatibika, usikimbilie koleo ili tu yaishe upesi. Nenda na mtu wako. Na unapoogopa, sema "naogopa" kwa sauti, kwa Mungu na kwa daktari pia. Wote wawili hawawezi kukusaidia katika jambo ulilolivika joho. Omba kwanza, kisha simama uende kwa miguu yako, kama mama yake Koko.

Bwana aliyekiumba kinywa chako akifungue, mwanangu: vidole vitatu kwa chakula, vidole vitatu kwa wimbo, na kwa ukweli akifungue bila kipimo. Amina.