Mtihani wa Kocha Arlene

Kama hujawahi kumsikia Arlene Kistler akifoka pembeni mwa uwanja, basi wewe hukai bonde hili. Miaka thelathini kasoro miezi mitatu amewafundisha wasichana wa chuo chetu mpira wa magongo, na sauti yake hufika mpaka kwenye mabanda ya ng'ombe ng'ambo ya barabara. "Inama, Becca! Mgongo hauvunjiki! Mpira uko chini, hauko mbinguni!" Wanaume wa huku Pennsylvania wana mpira wao wa kuvaa mito mabegani na kugongana vichwa. Magongo ni ya wasichana, mama humrithisha binti. Arlene mwenyewe alianza na gongo la shangazi yake, limefungwa utepe pale lilipopasuka.

Sasa, chuo kidogo kama chetu hakimlipii mchezaji masomo, wala hakuna mkataba wa kutia saini. Msichana huja kwa neno la kocha tu. Arlene, kwa kuwa hakuwa na cha kuwapa, akabuni mtihani. Msichana akisema anataka kuja, Arlene hukunja uso: "Hapa? Unakuja kufanya nini hapa? Baridi na mavi ya ng'ombe! Nenda kwingine, mwanangu." Anayebabaika, huyo si wake. Anayekaza shingo na kusema, "Hapana, Kocha, nataka hapa hapa," amefaulu. Wanafunzi wake wa zamani husimuliana mtihani huo harusini huku wakishika mbavu, na mabinti zao wanakua wanalijua jibu.

Mwezi Machi mkuu wa michezo, Todd Brandt, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Kaa, Arlene."

"Todd, wewe ukinikaribisha kiti najua kuna msiba. Sema."

"Magongo yanafungwa. Baraza la chuo limeshapiga kura. Tunatangaza Mei kumi na tano."

"Mei kumi na tano! Watoto wanathibitisha nafasi zao Mei mosi!"

Todd akaichezea kalamu yake. "Ndivyo baraza lilivyopanga."

"Yaani waingie kwanza ndipo mfunge mlango. Hamna haya nyinyi?"

"Mimi sikusema hivyo. Nimekuambia mapema kwa heshima yako tu. Likivuja, watakuachisha kazi kabla ya Juni. Mfikirie Merle."

Hapo alimkamata. Merle ni mume wa Arlene, na figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki hulazwa kwenye kiti, damu yake ikapitishwa kwenye mashine, na bima inayogharamia yote hayo ni ya kazi ya Arlene. Akifikisha miaka thelathini kazini, mwezi Juni, bima ni yao hadi kufa. Akifukuzwa Mei, hana kitu. Na huku kwetu ukikosa bima, ugonjwa hula nyumba kwanza, kisha hula mtu.

Akatoka, akaenda uwanjani, akafoka kama kawaida. Angefanya nini kingine?

Mwaka huo wasichana watano walikuwa wamempa neno. Wanne walikuwa wanakuja kusomea uuguzi, magongo kwao yalikuwa ziada. Wa tano ndiye aliyemnyima raha: Kenzie Umholtz. Huyu mtoto ni hatari, mpira unamganda kwenye gongo. Chuo kimoja kikubwa cha Virginia kilikuwa kimemshikia nafasi hadi Mei mosi, na yeye alikuwa anakikataa kwa sababu moja tu. Mama yake, Tammy, aliwahi kuwa golikipa wa Arlene. Babake Tammy alipofariki katikati ya msimu, Arlene ndiye aliyemwendesha kwenye theluji hadi nyumbani, akakaa naye siku tatu jikoni akiosha vyombo vya waombolezaji. Kwa Tammy, neno la Arlene ni amri.

Jumapili ya mwisho ya Aprili Tammy alimwalika chakula baada ya kanisa. Arlene aliendesha gari akijiapiza kwamba leo atampa mtoto dokezo, dokezo tu, lisiloweza kumfunga mtu. Alikuta meza imejaa nyama ya nguruwe na maharage mabichi na viazi, na katikati keki yenye sukari ya kijani, imechorwa mistari ya uwanja. Kenzie alikuwa amevaa sweta la chuo chetu.

"Kocha, nataka namba ya Mama! Kumi na nne!"

Arlene akavuta kiti akaketi. "Hiyo Virginia uliifikiria vizuri? Wana kocha mzuri sana."

Tammy akapiga meza kwa kiganja. "Weee! Ameshaanza! Kenzie, jibu!"

"Nataka hapa hapa, Kocha!" Wakacheka wote, mama na binti.

"Jamani, mimi nauliza kweli," Arlene akasema. "Mimi ni mzee. Kesho na keshokutwa sipo. Mtu huchagua chuo, hachagui kocha."

"Hiyo ni mpya," Tammy akasema. "Enzi zetu hukuwa nayo. Unazidi kunoa kisu, Kocha!"

Arlene akaushika mkono wa mtoto. "Kenzie, nisikilize. Nenda Virginia. Sikupimi."

"Hata 'sikupimi' alituambia!" Tammy alicheka hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. "Mimi aliniambia na machozi juu! Usidanganyike, mwanangu!"

Kenzie hakucheka. Alimtazama Arlene usoni, akautazama na mkono uliomshika, akasema polepole, "Nataka hapa, Kocha."

Lilibaki neno moja tu la kusema, na Arlene alikuwa nalo mdomoni. Timu inafungwa. Lakini Tammy ana ndugu, ndugu wana simu, na bonde hili halina siri inayolala siku mbili. Akamwona Merle kwenye kile kiti, sindano mkononi. Tammy akamkatia kipande kikubwa cha keki, Arlene akakila chote, akashukuru, akaenda zake.

Mei kumi na tano chuo kikatangaza. Arlene alikaa jikoni mchana kutwa akiitazama simu. Wazazi wanne walipiga wakafoka, naye aliwaacha wafoke, maana ilikuwa haki yao. Saa kumi akapiga Tammy.

"Kocha. Siku ile mezani, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Alisubiri matusi. Aliyatamani, Mungu anajua. Lakini Tammy aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechoka kubeba.

"Ulipoondoka, Kenzie aliniambia, 'Mama, Kocha hatanii. Mkono wake ulikuwa baridi.' Mimi nikamwambia, 'Mjinga wewe, huo ndio mtihani wenyewe.' Akalia, Kocha. Akasema hataki tena kuja. Nikamsimamia mpaka akawaandikia Virginia kwamba haendi. Mimi mwenyewe nilibonyeza kutuma. Nimewapigia asubuhi hii, nafasi ameshapewa mwingine."

"Tammy, mwanangu..."

"Yumo chumbani mwake, sijui nikamwambie nini. Niambie basi la kumwambia."

Arlene akainuka kitini, simu sikioni. Huko upande wa pili akasikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya Kenzie ikiuliza, "Mama, unaongea na nani?"

"Hakuna mtu," Tammy akasema, akakata simu.