Ukuta Uliozeeshwa kwa Sururu

Mlima ule ulikuwa na makanisa mawili madogo ya mawe, na sababu ya kuwa mawili ilikuwa aibu tupu. Zamani ndugu wawili walianza kujenga kanisa moja, wakagombana mlango utazame wapi. Mkubwa alitaka utazame bonde, mdogo alitaka utazame kilele. Hawakusikilizana. Mdogo akabeba nyundo yake, akapanda juu kujenga lake. Tangu hapo vitukuu wao walipishana njiani kila Jumapili, hawa wakipanda, wale wakishuka, kila mmoja amekaza shingo kama aliyeona uchafu.

Mama Funguo aliwadharau wote, wa juu na wa chini, na alikuwa na haki. Alizaliwa juu, akaolewa chini, na siku ya harusi yake mama yake mzazi alisimama nje kwenye umande, akakataa kuvuka kizingiti. Mumewe alipofariki, ufunguo wa kanisa la chini ulibaki kwake, maana hakuna mwanamume aliyeitaka kazi ya kufagia mavi ya popo. Wanaume walitaka vyeo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akapata uenyekiti wa kanisa. Akashona koti la vifungo vya shaba, na kuanzia hapo hakusema neno bila kukohoa kwanza.

"Si kifua kile," Mama Funguo alimwambia mke wa mwenyekiti. "Anakohoa cheo."

Mke wa mwenyekiti alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akachungulia nyuma kama kuna aliyesikia.

Kazi ya kwanza ya mwenyekiti ilikuwa kuyafunika yale mawe ya mababu kwa plasta ya saruji na rangi ya waridi. Alijisifu mlima mzima kwamba amelitoa kanisa ushambani. Basi zikaja habari kwamba watu wa majengo ya kale watapanda kutoka mjini, na kwamba kanisa litakaloonekana la kale zaidi ndilo watakalolitengeneza. Mwenyekiti alilitazama lile waridi lake. Hata kukohoa alisahau.

Siku moja kabla ya wageni alifika mchana na sururu begani.

"Shemeji, nifungulie. Nataka kuubandua huu urembo kidogo."

"Urembo wako mwenyewe?"

"We fungua tu. Haya ni mambo ya uongozi."

Mama Funguo akafungua, akakaa kwenye benchi la nyuma, mikono kifuani. Mwenyekiti alivua koti, akalitundika kwenye mimbari, akaanza kubomoa. Plasta ilipogoma, akakasirika. Akapiga kwa nguvu zote, akaona raha, akazidisha. Jiwe moja likachomoka, kisha jingine.

"Unazeesha ukuta au unaua nyoka?"

"Usinivuruge!"

Ukuta wa mbele ukatoa mlio kama mtu anayeguna usingizini. Mwenyekiti aliruka dirishani, na Mama Funguo, ambaye kwa umri wake hakujua kama bado anaweza kukimbia, akajikuta nje kwenye nyasi. Waliposimama kuangalia, ukuta wa mbele ulikuwa umelala chini na mlango wake, na vumbi la waridi limemtapakaa mwenyekiti toka utosini. Koti lilikuwa huko ndani, chini ya mawe.

Kesho yake wageni walisimama mbele ya kifusi. Waumini wa chini walikuwepo, na wa juu walikuwa wameshuka kutazama, wamejawa furaha wasiyojua waifiche wapi. Mwenyekiti akakohoa.

"Ni uzee," alisema. "Kanisa hili ni la kale mno."

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akamgeukia mwenye ufunguo. "Kweli, mama?"

"Uzee wa jana mchana," akajibu Mama Funguo. "Sururu ile pale."

Watu wa juu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kanisa lao ndilo lililochaguliwa. Mwenyekiti alimfuata Mama Funguo hadi nyumbani, akamdai ufunguo mbele ya ukoo. Mama Funguo alimpa bila ubishi.

"Chukua, shemeji. Mlango utautafuta mwenyewe."

Jumapili alipanda kanisa la utotoni mwake. Walimpokea kwa vigelegele, wakamketisha mbele kama ng'ombe wa maonyesho. Mzee wa kanisa akaomba kwa sauti kubwa, akimshukuru Mungu kwa kuwaumbua waongo wa chini. Mama Funguo alimkumbuka mama yake kwenye umande. Akainuka katikati ya maombi, akapita kati ya magoti ya watu, akatoka.

Aliteremka hadi kwenye kifusi, akafunga kanga kiunoni, akaanza kutenga mawe mazima. Siku ya pili mke wa mwenyekiti alikuja, wakawa wawili, kisha wanawake wengine. Mwishoni mwa juma mwenyekiti naye akatokea, mikono mfukoni, akawaelekeza jiwe lipi likae wapi.

Mama Funguo alinyoosha mgongo. "Shemeji, shika jiwe au shika njia."

Mwenyekiti akawaangalia wanawake, akamwangalia mkewe, ambaye safari hii hakugeuka kutazama nyuma. Akainama, akaokota jiwe dogo kuliko yote.

Mama Funguo akalitazama lile jiwe, akamtazama yeye, akasonya. Kisha akasogea pembeni, akampisha apite.