Trekta la Baba na Mwanzo wa Maonyesho Yetu

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na vumbi la mpunga ndiyo ilikuwa harufu ya baba yangu. Kwa miaka mingi alilima mashamba ya kijiji chetu cha Mchombe kwa trekta lake jekundu, hadi kiharusi kilipompoozesha mkono wa kulia. Nilikuwa darasa la nne. Msimu ule trekta lilibaki uani, kuku wakatagia chini ya kiti chake, na baba akawa anashinda barazani akilitazama.

Baada ya mavuno wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu na mitungi yao ya gesi ya kukatia. Mama alikuwa amekwisha kukubaliana nao. Walipoanza kushusha vifaa, baba alijikokota hadi kwenye trekta, akapanda kwa mkono mmoja, akaketi.

"Baba Anjela, shuka, watu wanasubiri," mama alimwambia kwa upole, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

"Wakate tu. Mimi nipo hapa hapa."

Mama akawaomba radhi wale watu, wakaondoka wakinung'unika. Kesho yake alijifunga kanga, akashika spana, akasema, "Haya, nielekeze." Kwa majuma matatu baba alielekeza kwa maneno na mama akafanya kwa mikono: akasafisha tangi, akabadilisha mipira ya mafuta iliyopasuka, akatoa hewa kwenye njia ya mafuta. Majirani walicheka. Jumapili moja, tukiwa tumetoka kanisani, injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Baba alilia mbele za watu, nami nikaona aibu nisijue pa kutazama.

Juma lililofuata Mzee Damasi, jirani aliyecheka kuliko wote, alileta mashine yake mbovu ya kukoboa mpunga juu ya mkokoteni wa ng'ombe. "Mama Anjela, na hii mniangalizie." Mavuno yaliyofuata mashine uani kwetu zilikuwa tano, na watu walitoka hata Malinyi kuja kuziona zikiwashwa. Hivyo ndivyo maonyesho yetu ya mashine kuukuu yalivyoanza.

Siku hizi hufanyika Ifakara, na vijana huzipiga picha mashine hizo kwa simu. Mashine mpya za kuvuna humaliza kwa asubuhi moja shamba lililotuumiza migongo juma zima, na sisikitiki kwa hilo. Baba hayupo tena. Mwaka huu nilimuuliza mama kama alilifufua trekta kwa ajili ya baba.

"Kwa ajili yake, ndiyo," alijibu, akifuta grisi vidoleni. "Lakini na mimi nilikuwa nalitaka lile trekta, nilishike kwa mikono yangu. Miaka yote ile hakuna aliyeniuliza."