Mguu Wangu, Usukani wa Baba

Shangazi yangu alipofariki katika hospitali ya mji wa Baraka, baba alitamka jambo moja kabla hajalia: yeye ndiye atakayempeleka kijijini Lweba kuzikwa. Sote tuliokuwa uani tuliutazama mguu wake wa kushoto, ambao ugonjwa wa mgongo ulikuwa umeuua mwaka uliotangulia, kisha tukaitazama pikapu yake iliyoegeshwa kando ya ukuta, matairi yakiwa yameanza kulegea.

Baba alikuwa dereva maisha yake yote. Wafu wa ukoo wetu waliotakiwa kurudishwa vijijini kando ya ziwa, yeye ndiye aliyekuwa akiwasafirisha, na alikuwa na namna yake ya kufanya hivyo. Jeneza huwekwa nyuma, wanawake huketi pande zote wakiwa wamelishika, na gari liondokapo wasihisi lilipoanza kwenda. Alisema si heshima kumshtua aliyelala. Ustadi huo wote ulikaa katika mguu wa kushoto: kukanyaga klachi, ambayo kwetu huitwa ambreyaji, hadi chini kabisa, kuingiza gia ya kwanza, kisha kuiachilia polepole mpaka injini na magurudumu vikutane bila ugomvi. Alinifundisha hayo nilipokuwa msichana, na hadi leo ninaendesha gari kwenda kazini Uvira. Ningeweza mimi mwenyewe kumpeleka shangazi, na nilimwambia hivyo.

"Najua unaweza," alisema. "Lakini yaya alinibeba mugongoni, mama. Mi nitamubeba na nini?"

Aliniita mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita binti zao. Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye shangazi.

Pikapu ile ilinunuliwa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, na usukani wake uko kulia, si kushoto kama magari mengi ya kwetu. Kwa hiyo klachi imekaa upande wa katikati ya gari, na mtu aliyeketi katikati ya kile kiti kirefu anaweza kuifikia kwa mguu wa kulia. Baba alilitambua hilo kabla yangu. Yeye angeshika usukani, gia, breki na mafuta. Mimi ningekuwa mguu wake.

"Kanyaga," alisema tulipokuwa tayari. Nikakanyaga. Akawasha injini, akaingiza gia. "Achilia."

Gari liliruka mbele, likazimika. Nyuma yetu wanawake waliangukiana. Mama yangu mdogo, ambaye kwa baba ni shemeji na ana ruhusa ya kumtania hata msibani, aliinama hadi kwenye dirisha.

"Shemeji, yaya yako amekataa. Anajua kule Lweba batamulimisha tena."

"Mumushike muzuri," baba alimjibu bila kugeuka. "Maneno utasemea kule."

Mara ya pili tuliondoka vizuri. Tulitoka mjini taratibu, na watu tuliowapita walisimama. Wenye mizigo kichwani waliishusha. Baba alisema kanyaga, nikakanyaga; akabadili gia, akasema achilia. Baada ya muda sauti yake na mguu wangu vilizoeana hata nikaacha kufikiri. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Shangazi yangu alikuwa amelala nyuma yangu, nami nilikuwa na furaha, kwa sababu tangu baba augue hatukuwa tumefanya jambo lolote pamoja isipokuwa mimi kumshika na yeye kushikwa.

Kabla ya Lweba kuna mwinuko mfupi uliochimbwa na mvua. Tulipoanza kuupanda, wanawake walianza wimbo ambao shangazi alizoea kuuongoza kanisani. Baba alinyamaza. Nilisikia injini ikilemewa, nikajua kwamba gia inapaswa kushushwa, lakini nikangoja neno lake. Nilingoja kwa kuwa nilikuwa mguu, na mguu haujiamulii. Neno halikuja. Injini ilizimika, gari likaanza kurudi nyuma, na baba akagutuka na kukanyaga breki.

Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani. Vijana waliotufuata kwa pikipiki walitia mawe nyuma ya magurudumu, tukajaribu tena. Gari liliruka, likazimika, na jeneza likagonga ubavu wa pikapu. Wimbo ulikatika. Mama mmoja Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, aliyekuwa akilima pamoja na shangazi, alilaza kifua chake juu ya jeneza ili lisisogee tena. Baba alimwona kwenye kioo.

"Nisamehe, papa," nilisema. "Tujaribu tena. Nitakanyaga mapema."

"Hapana. We ulifanya muzuri. Ni mimi sikusema." Alitoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani. "Shika gari, mama."

Vijana walimbeba. Walitaka kumzungusha hadi upande wa pili wa kiti, lakini alionyesha nyuma kwa kidevu, nao wakamketisha pale, mguu wake mfu ukiwa umenyooka sambamba na jeneza. Nilihamia kwenye usukani. Nilikanyaga klachi hadi chini, nikawasha, nikaachilia kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa jambo jingine lolote. Tulipanda. Sijui kama walihisi gari lilipoondoka. Hadi leo sijauliza.

Kwetu, baada ya maziko, aliyemleta marehemu ndiye hupewa maji ya kunawa kwanza, hata kabla ya ndugu. Binti mmoja wa pale Lweba alikuja na beseni, akapiga magoti mbele ya baba kama walivyozoea kumfanyia miaka yote. Baba alitikisa kichwa.

"Umupelekee ule pale. Ni yeye ameleta."

Wazee waligeuka kunitazama. Binti alinijia, nikanawa polepole, nikitamani maji yasiishe. Nilipomaliza, beseni lilizungushwa kwa wafiwa kufuata umri wao, na baba, akiwa ameketi kwenye mkeka kati ya ndugu zake, alikunja mikono ya shati na kungoja zamu yake.