Mzee wa Reli Yuko Hewani

Baba yangu alianza kila simu yake ya redioni kwa neno moja: hapana. Hakusalimia kwanza wala kuulizia hali ya studio. Mtangazaji akishasema, "Tuko na Mzee wa Reli kutoka Rongai," yeye alijibu, "Hapana, hapana, hapana," kisha akaanza kumrekebisha mchambuzi. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, kazi aliyoirithi kwa babake aliyekuja huku kutoka magharibi mwa nchi, na kipindi cha kandanda cha Jumamosi alasiri kwenye redio ya taifa kikawa ndiyo kazi yake mpya. Malipo yake yalikuwa kuambiwa sokoni kwamba amesikika.

Mimi kipindi hicho kilinichosha. Nina saluni Kiamunyi, na wateja wangu walikipenda, basi nilikijua vizuri kuliko nilivyotaka. Kulikuwa na mtangazaji mwanamke na wachambuzi wawili, na hao wawili walizungumza kwa pamoja kama wanaogombea kikombe. Mpigaji anaombwa maoni kuhusu timu ya taifa, anasalimia ukoo mzima, na akifika kwa mpira laini inakatika. Mwingine anaitaja klabu ya Uingereza kwa kusema "sisi," na yeye hajawahi kufika mbali zaidi ya Longonot. Na karibu kila mmoja anapiga simu huku redio yake ikinguruma kando, kwa sababu anataka kuisikia sauti yake hewani, mpaka studio inajaa mlio. Mtangazaji aliomba kwa upole ule ule, "Zima redio hapo nyuma, tafadhali." Miaka yote hiyo sikumsikia akikasirika, na mimi ningekasirika Jumamosi ya kwanza tu.

Kisha baba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamwisha. Nilimleta kwangu, kwenye ploti ambayo nyumba zake zimeshikana ukuta kwa ukuta. Mtaalamu wa hospitali alituachia mazoezi: akitaje kijiko, akitaje kikombe, ajaribu kila siku, kwa sababu mgonjwa akishakata tamaa ya kusema, hata maneno ambayo yangerudi huenda yasirudi. Nilipoinua kijiko, baba alikitazama, akanitazama mimi, akafumba macho. Mtu aliyebishana na nchi nzima alikuwa anaulizwa jina la kijiko. Niliogopa kuliko siku ile alipoanguka.

Jumamosi ndiyo siku pekee aliyofungua macho mapema. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea redio, nami nikaiwasha, na kwa kuwa hakukuwa na mazungumzo mengine nyumbani, nikasikiliza kwa mara ya kwanza bila kununa.

Mmoja wa wale wachambuzi alikuwa beki zamani, sauti yake imekauka kwa kupiga kelele uwanjani. Siku moja alilieleza bao tulilofungwa, lakini alianzia wavuni akarudi nyuma: mpira ulipita wapi, nani alimwacha nani, nani aligeuza kichwa, mpaka akafika kwenye mpira wa kurusha ambao kila mtu alikuwa ameusahau. Nilisimama na sufuria mkononi. Mimi uwanja wa mpira nimeuingia kwa mikutano ya injili tu, lakini niliwaona wachezaji wote, nikawaona wanavyolifanya lile kosa bila kujua. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kuyafanya hayo kwa mdomo peke yake. Baba alikuwa ameinama kuelekea redio, midomo ikicheza.

Jirani yetu wa ukuta wa pili naye alisikiliza kipindi hicho hicho kwa mtandao wa simu yake, na matangazo ya mtandaoni huchelewa, hata zaidi ya dakika. Bao likiingia tulilijua sisi kwanza, halafu ndipo yeye alipopiga kelele. Baba, hata bila maneno, alinyoosha kidole ukutani na kungoja kelele hiyo. Hicho ndicho kitu pekee kilichomchekesha.

Jumamosi moja yule beki wa zamani alisema kipa wa timu ya taifa aachwe, bao la juzi ni kosa lake. Mtangazaji akasema huyo angepata jibu kali, ila Mzee wa Reli hajulikani alipo. Baba alipiga kiti kwa ngumi ya kushoto. Nilipiga simu, nikapiga tena, mpaka ikashikwa, nikaeleza kwamba Mzee wa Reli ni mgonjwa na anazungumza kwa shida. Niliweka simu kwa spika, na nilipozima redio baba alinikazia macho, ingawa sheria hiyo aliijua kuliko mimi.

"Mzee wa Reli, karibu," mtangazaji alisema. "Chukua muda wako."

Baba alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilitamani kumnyang'anya simu nimsemee. Wale watu wawili ambao hawajawahi kuachiana nafasi ya kumaliza sentensi walikuwa kimya kabisa, na hakuna aliyeweka tangazo la biashara. Nchi nzima ilikaa kimya ikimngoja baba yangu.

"Ha," alisema. "Hapana."

Nilidhani sasa watampigia makofi na kumpa pole. Yule beki wa zamani akasema, "Mzee, leo utanisamehe, sikubali. Kipa alikuwa na nafasi ya kutoka, hakutoka. Nisipomlaumu yeye nimlaumu nani?"

Akangoja tena. Uso wa baba uliiva kwa hasira ninayoijua tangu utotoni, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Wi... winga."

"Unasema winga hakurudi kukaba. Hapo umenipa kazi ya kufikiria. Lakini kipa bado simwachi, mzee. Wiki ijayo tutamalizana."

Simu ikakatwa. Redio yetu ilikuwa imezimwa, na nyumba ilikuwa kimya. Kisha ukutani ikasikika sauti ya mtangazaji ikimkaribisha Mzee wa Reli na kumwambia achukue muda wake. Baba alinyoosha kidole. Kimya kile kile kilikuja tena, kirefu vile vile, na safari hii tulikingoja pamoja.

"Ha. Hapana," baba alisema kwa jirani.

Alijisikiliza hadi mwisho, mkono wake wa kushoto umenishika kiganja. Halafu, kwa kuchelewa kama kawaida yake, jirani akapiga kelele ile anayopiga bao likiingia.