Fomani, Pikapu na Semina Yetu ya Jinsia

Mwaka ule idara yetu ya uhandisi iligundua kwamba duniani kuna wanawake. Ugunduzi wenyewe ulikuja kama agizo kutoka juu: wanafunzi wote wafundishwe kuzuia ukatili wa kijinsia kabla ya kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Mkuu wa idara aliniita ofisini kwake akanikaribisha kiti, heshima ambayo hakunipa hata siku nilipompelekea matokeo ya utafiti wangu wa mifereji.

"Hili somo ni lako," akasema. "Wewe ni mama, utalielewa."

Sikuwa mama. Sikuwa hata shangazi. Nilikuwa mhandisi wa maji, na ujuzi wangu wote kuhusu jinsia ni kwamba choo cha wanawake katika jengo letu kiligeuzwa stoo ya kuwekea viti vibovu. Lakini katika idara iliyojaa wanaume, mwanamke mmoja huwa mtaalamu wa mambo yote ya wanawake, kama mwenye pampu ya baiskeli anavyokuwa fundi wa pancha za mtaa mzima.

Kundi langu lilikuwa linakwenda Ifakara, kwenye skimu ya umwagiliaji iliyokuwa inajengwa nje ya mji. Mkuu aliona ni bahati kubwa kwa kuwa mimi nimezaliwa huko. "Utakula wali wa kwenu," akasema, kana kwamba hiyo ndiyo posho. Na kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa posho.

Semina tuliifanya Jumamosi katika ukumbi tulioazima parokiani. Mtoa mada aliletwa kutoka Dar es Salaam, akiwa amevaa suti kwenye joto la Kilombero, kwa hiyo hata kabla hajafungua mdomo tulishaanza kumhurumia. Slaidi yake ya kwanza ilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu ameegemea dirisha, na nje ya dirisha theluji inaanguka.

"Huyu mama anasikia baridi," mvulana mmoja akanong'ona. Huo ndio ukawa mchango wa kwanza wa washiriki.

Mtoa mada akaendelea. Aliwashauri wasichana wavae suruali pana, wasichekecheke na mafundi, na wasipite mahali penye giza. Wavulana aliwashauri wawaheshimu dada zao. Wasichana wetu wanne walikuwa wamekaa karibu na mlango, nyuso zao kama za watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari wa meno. Mvulana mrefu wa mstari wa mbele, aliyekuwa akiandika kila kitu tangu mwanzo, akanyoosha mkono.

"Samahani, hili litakuja kwenye mtihani?"

"Hapana," akajibu mtoa mada. "Haya ni ya maisha."

Kalamu zote zikafunikwa kwa pamoja. Sijawahi kuona darasa likielewana kiasi kile.

Umeme ukakatika, tukanywa soda za moto, tukapiga picha tumeinua vidole gumba. Kabla jioni haijafika mkuu wa idara alishaipata picha, akanijibu kwa vikaragosi vya mikono inayopiga makofi. Kazi imekwisha. Ukatili wa kijinsia umezuiwa bondeni Kilombero, kuanzia Kivukoni mpaka Mlimba.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa nikilala nyumbani kwa mama yangu na kwenda kuwaona wanafunzi mchana. Jumapili moja, baada ya misa, niliwaalika wale wasichana wanne waje kula. Mama alipika wali na perege wa nazi, akawatengea kwenye sinia kubwa barazani. Mmoja wao hakuwa akila. Alikuwa anasogeza punje za wali kutoka upande huu kwenda upande ule. Sasa mtu anayetoka Ifakara anaweza kukusamehe mambo mengi, lakini si hilo. Mama akamtazama.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

Yule binti akatabasamu kidogo, kisha akainuka akasema atanisaidia kuosha vyombo. Nilimjua darasani. Alikuzwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, huko ambako watu wa kila mkoa wanaishi ukuta kwa ukuta, na alikuwa wa kwanza katika somo la upimaji wa ardhi. Mkimpa kile kifaa cha kupimia mwinuko, anakiweka sawa kabla nyie hamjamaliza kubishana kisimame wapi. Tulipofika uani, akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Madam, ninaomba nihamishwe."

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza bila kuinua macho. Fomani wa mradi, msimamizi wa mafundi, mzee mwenye tumbo na sauti, alimpa jina la "mchumba" tangu siku ya kwanza, mbele ya watu wote. Halafu akaanza kumfundisha kutazama kwenye lenzi, mkono mmoja kwenye kifaa na mwingine kiunoni kwa binti. Sasa alikuwa amempangia safari. Kulikuwa na chanzo cha maji cha kupimwa huko Masagati, mbele ya Mlimba, njia mbaya, lazima kulala. Wangekwenda wawili tu, kwenye pikapu yake.

"Nikamwambia naomba twende na wenzangu. Akasema gari halina nafasi. Akasema pia nisisahau kwamba tathmini yangu anaiandika yeye."

Nilikuwa nimeshika bakuli, nikaliweka chini polepole nisije nikalivunja. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na sijui alikuwa amesikia tangu wapi.

"Enzi zetu hatukuwa na semina," akasema. "Tulikuwa na mchi." Akaendelea kwa sauti nyingine. "Lakini mchi ni wa kumfukuza mmoja, na kesho anakuja mwingine. Wewe umekuja kusoma, hukuja kupigana."

Nikamuuliza yule binti anataka nini. Nilikuwa na majibu tayari kichwani: ahamishiwe mradi mwingine, arudi chuoni, tukaripoti polisi kwenye dawati la jinsia. Alifikiri.

"Nataka kupima mfereji," akasema. "Basi."

Jumatatu nikampigia simu mkuu wa idara. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu anayesoma kitu kingine. Akauliza kama nina ushahidi. Nikasema mwanafunzi amenieleza. Akasema, "Hayo ni maelezo. Ushahidi je?" Akanikumbusha kwamba mkandarasi anayejenga ile skimu ni mdau wetu muhimu. Akamalizia kwa kunisifu kwa semina.

Nikaenda kwa meneja wa mradi, kijana mstaarabu aliyeninunulia maji ya chupa. Alicheka nilipomtaja fomani.

"Ah, yule mzee! Yule ni mtu wa utani tu, madam. Ni mtani wao."

"Mtani wa kabila gani?"

Akababaika. Nikamweleza kwamba mimi Mpogoro ninawajua watani zangu, na kwamba hata msibani wanaponivurugia shughuli, hakuna aliyewahi kunishika kiuno wala kunipangia safari ya kulala Masagati. Nilitaka kujua huu utani mpya, ambao mtani wake ni kila binti mwenye miaka ishirini, uliingia nchini lini. Meneja akasema atalifanyia kazi. Nimeishi Tanzania maisha yangu yote, najua jambo linalofanyiwa kazi linavyofanana. Linafanana kabisa na jambo lililosahauliwa.

Hapo ndipo nilipoitupa semina. Kesho yake asubuhi niliwakusanya wanafunzi wote pembeni ya mfereji na kuwapa kazi ya uhandisi. Wahandisi ni watu wa ajabu: ukiwaambia habari za ubinadamu wanasinzia, ukiwaambia habari za hatari kazini wanatoa kalamu. Nikawaambia wazunguke eneo lote la ujenzi, watafute kila mahali ambapo mtu anaweza kudhuriwa. Siyo na nyoka, siyo na umeme, siyo na ukuta wa udongo. Adhuriwe na mtu mwingine.

"Tena jiulizeni," nikasema, "palijengwaje mpaka pakawa hivyo?"

Wavulana walitazamana. Yule mrefu wa mtihani akauliza kama kazi hii ina alama. Nikamdanganya kwamba inazo.

Walirudi mchana wametulia kuliko walivyoondoka. Vyoo vya wafanyakazi vilikuwa nyuma ya tangi la dizeli, mbali na macho ya watu. Choo cha wanawake kilikuwa na komeo, tena komeo zuri, jipya, lakini lilikuwa nje ya mlango. Yule mrefu alikuwa ameingia ndani kukagua, na mwenzake akamfungia kwa utani. Alikaa humo akigonga mpaka dereva wa katapila alipopita na kumfungulia. Alipokuwa ananisimulia alikuwa bado anatoka jasho.

"Madam, hivi aliyelifunga lile komeo alikuwa anafikiria nini?"

"Alikuwa anafikiria mlango usipigwe na upepo," nikamjibu. "Hakufikiria kuna mtu ndani."

Kina mama waliokuwa wakibeba kokoto waliwaambia kwamba wao hujisaidia mashambani, kwenye mpunga, na huenda kwa makundi. Usafiri wa kutoka kambi ya mradi ulikuwa pikapu moja, na funguo alikaa nazo fomani.

Kila asubuhi pale kulikuwa na mkutano mfupi wa usalama. Fomani mwenyewe ndiye aliyeuongoza: vaeni buti, vaeni helmeti, msisimame chini ya katapila. Nilimwomba wanafunzi wapewe nafasi waeleze walichokiona. Akakubali kwa furaha. Alipenda vijana wanaojituma.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemuuliza binti nani azungumze. Nilimwambia anaweza kukaa nyuma kabisa, au asije. Asubuhi akatoka mbele mwenyewe, helmeti kichwani, bila karatasi. Akaeleza vyoo. Akaeleza komeo. Mafundi wakawa wanacheka na fomani akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha akasema:

"Hatari ya mwisho ni ile pikapu. Mzee, umenipangia safari ya Masagati, mimi na wewe, kulala huko. Nimekuomba twende na wenzangu umekataa. Unaniita mchumba na unanishika. Mimi si mchumba wako, na sitakwenda."

Sauti ilimtetemeka pale kwenye "sitakwenda", lakini ilifika. Fomani akacheka peke yake.

"Jamani, huyu binti ananitania!"

Hakuna aliyeungana naye. Yule mvulana mrefu akatoka kwenye mstari.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Fomani, kwa mazoea, akajibu, "Marahaba."

"Hatutanii, mzee. Kama kuna kazi ya upimaji, tutakwenda kundi zima. Kama gari halina nafasi, tutakaa nyuma."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wiki ile, kila fomani alipowasha pikapu kumpeleka binti kwenye upimaji, hata wa hapo jirani, wavulana walipanda nyuma wakiwa wamebeba makoleo, ndoo na vitu ambavyo havikuhitajika kabisa. Wasichana watatu waliobaki walikaa mbele, wamembana fomani hadi akawa anabadilisha gia kwa kuomba radhi. Ile safari ya Masagati ikafutwa. Yasemekana chanzo cha maji kilionekana hakina haraka.

Chuo nacho kikaamka. Kamati iliundwa, ya watu wazima watano, nikampeleka binti kuhojiwa. Swali la kwanza walimuuliza alikuwa amevaa nini. Alikuwa amevaa ovaroli, buti za mpira zenye tope mpaka magotini, fulana ya kung'aa na helmeti. Mjumbe mmoja aliandika yote hayo kwa makini, sijui alikuwa anatafuta kosa kwenye helmeti au kwenye buti. Swali la pili, kwa nini hakusema mapema. Akawajibu kwamba alisema mapema, na aliyeambiwa alikuwa amekaa pale mezani. Mkuu wa idara akaomba maji.

Mkandarasi alimhamisha fomani. Hakufukuzwa. Alipelekwa kwenye mradi mwingine, mkubwa zaidi, na nikaandika barua huko pia, sijajibiwa. Makomeo ya vyoo yalihamishiwa ndani, taa ikafungwa. Tathmini ya binti iliandikwa upya na meneja, ambaye ghafla aliukumbuka uwezo wa binti. Idara ikaripoti mafanikio makubwa, ikaambatanisha ile picha ya vidole gumba.

Siku tunaondoka Ifakara nilimkuta binti amekaa juu ya begi lake, anang'oa tope kwenye buti kwa kijiti. Nilitegemea atakuwa na furaha. Nikampongeza.

"Nashukuru, madam," akasema. Akaendelea kung'oa tope. "Ila mimi nilisema peke yangu wiki nzima, ikawa utani. Wavulana wakapanda gari, ikawa kweli."

Nikakaa naye pale, nikaokota kijiti kingine, nikachukua buti la pili.

Sasa hivi ni mhandisi, anajenga madaraja mkoa mwingine. Mwezi uliopita alinipigia simu saa ya chakula cha mchana, nyuma yake mashine zinanguruma. Alikuwa amemwondoa kazini fundi mmoja aliyekuwa akiwasumbua wasichana wa mafunzo.

"Wakubwa wamelalamika," akasema. "Wanasema nina hasira."

"Unayo?"

"Ninayo, madam," akasema, kisha akamgeukia mtu huko aliko na kumwambia asogeze ngazi.